Kujifunza uhifadhi wa nyaraka ukiwa kazini na unalipwa: Dodoma kuna njia?

Nzuguni23

Wakuu, habari za humu. Shikamooni wakubwa.

Nina swali kwa wanaojua masijala na nyaraka. Nina Astashahada (NTA 5) ya utunzaji wa kumbukumbu, ada ya Stashahada kwa sasa haipo. Taasisi moja binafsi hapa Dodoma ina chumba cha mafaili ya zamani. Wanasema reki zote zikipimwa ni kama mita 40. Wanataka mtu wa miezi 12, malipo 250,000 kwa mwezi, na maelezo yao ni "utajifunza hapahapa". Hakuna mtu mwenye taaluma hii pale, msimamizi atakuwa afisa utawala.

Nimesoma kwamba Uingereza mtu anakuwa mhifadhi nyaraka kwa njia ya uanagenzi: analipwa huku anasoma. Naomba kujua:

a) Njia kama hiyo kwetu ipo?
b) Nafasi hii inaweza kugeuzwa ikawa uanagenzi wa kweli?
c) Nidai nini kabla ya kusaini?

MasijalaYaWazi

Marahaba mdogo wangu. Kwa (a) jibu ni hapana. Kwa (b) ni ndiyo, ila si kwa maneno matupu ya "utajifunza hapahapa".

Uanagenzi uliousoma wa Uingereza una ngazi zaidi ya moja. Ipo ngazi ya 3 ya wasaidizi wa maktaba, taarifa na nyaraka, na ipo ngazi ya 7 ya mhifadhi nyaraka kamili, inayolingana na masomo ya uzamili. Tangu Januari 2026 fedha za serikali yao kwa ngazi ya 7 zimebaki hasa kwa wanaoanza wakiwa na miaka 16 hadi 21, kwa hiyo hata kwao mlango umebanwa. Ujerumani nako kuna fani ya miaka mitatu, mtu anagawanya muda kati ya kazini na shuleni, yenye matawi matano, na tawi moja ni nyaraka. Ukizitazama nchi zote mbili, kinachoufanya uanagenzi uwe uanagenzi ni mambo matatu. Mwanagenzi ana mkataba wa ajira wenye mshahara. Saa za kujifunza zimo ndani ya saa za kazi. Na anayempima mwisho wa safari si bosi wake. Hayo matatu ndiyo utakayoyajenga hapa wewe mwenyewe, kwa maandishi.

Programu ya serikali ya kukuza ujuzi inayo uanagenzi, lakini fani zake ni za ufundi stadi: ushonaji, ufundi magari, bomba, hoteli na kadhalika. Kinachokaribiana na fani yetu ni utarajali, yaani mafunzo ya uzoefu wa kazi kwa wahitimu, ambao TaESA, wakala wa serikali wa huduma za ajira, huwaunganisha na waajiri. Jiandikishe huko pia, haikuzuii kuchukua nafasi hii.

Sasa jambo ambalo wengi hawaambiwi mapema. Jalada linalotumika kila siku liko masijala. Likifungwa lakini bado linaweza kuulizwa, linakuwa kumbukumbu tuli, na hiyo ndiyo kazi ya kituo cha Idara ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa kilichopo hapa Dodoma. Likipimwa na kuonekana lina thamani ya kudumu, ndipo linaitwa nyaraka. NTA 4 na 5 zimekulea zaidi katika hatua ya kwanza: kupokea barua, kuandikisha, kufungua jalada, kulipeleka kwa mhusika na kufuatilia lilipo. Chumba cha mita 40 ni hatua ya pili na ya tatu. Kwa hiyo hapo kuna somo kubwa ambalo hata baadhi ya wenye Stashahada hawajaligusa kwa mikono yao. Hatari ni kwamba ukikosea, pale hakuna wa kukuambia umekosea.

Jingine: Ajira Portal, mfumo wa kuombea kazi serikalini, inaangalia cheti. Tangazo la Msaidizi wa Kumbukumbu likidai NTA 6 (Stashahada), miezi 12 ya uzoefu haitaziba pengo hilo. Kwa hiyo mkataba usiokusogeza kuelekea NTA 6 unakulipa leo na kukuacha palepale kesho. Kutoka NTA 5 kwenda 6 ni mwaka mmoja wa masomo. Chuo cha Utumishi wa Umma kina kampasi Singida na Tabora, zote zinafikika kwa barabara au treni kutoka Dodoma, na Bagamoyo kuna chuo cha ukutubi na uhifadhi wa nyaraka cha Bodi ya Huduma za Maktaba. Piga simu vyuo vyote, uliza ratiba na uwezekano wa kulipa ada kwa awamu, kabla hujakaa mezani na mwajiri. Ukienda na namba mkononi mazungumzo yanakuwa mafupi.

Folio100

Nimjibu (c), maana hapo ndipo vijana wanapoumia.

Nenda na hesabu ya kazi. Boksi la kuhifadhia lina upana wa kama sm 12 likiwa limesimama, kwa hiyo mita moja ya reki inachukua maboksi 8. Mita 40 ni maboksi 320. Kila boksi likibeba majalada 10 ya unene wa sm 1, una majalada 3,200. Kufuta vumbi, kutoa pini, kuhesabu folio (karatasi zenye namba ndani ya jalada) na kuorodhesha: anayeanza atafanya majalada 10 kwa siku, mkono ukizoea atafika 25. Ukifanya kazi hiyo siku nne kwa wiki ni majalada 100, na 3,200 yanaisha kwa wiki 32. Ongeza wiki sita za mwanzo za kukagua chumba na kufanya majaribio, unafika wiki 38. Mwaka una wiki 52. Maana yake siku ya tano ya kila wiki inaweza kuwa ya kujifunza na kazi yao bado ikaisha kabla ya mkataba kuisha. Mwonyeshe afisa utawala karatasi hiyo. Mwajiri anayeona hesabu haogopi neno "siku ya masomo".

Kwenye mkataba wenyewe yaandikwe haya. Cheo kiwe Msaidizi wa Kumbukumbu (mwanagenzi), si "kibarua" wala "msaidizi wa ofisi". Siku moja kwa wiki ya kujifunza, itajwe ni siku gani. Msimamizi wa kitaaluma kutoka nje, angalau nusu siku kila mwezi, analipwa na mwajiri. Anaweza kuwa mkufunzi wa chuo, afisa kumbukumbu mstaafu, au mwanachama wa TRAMPA, chama cha wanataaluma wetu. Dodoma yenye wizara zote Mtumba haikosi watu hao. Kazi ya msimamizi huyu ni moja: kuchukua maboksi matano bila kuchagua, kuyalinganisha na orodha yako, na kuandika alichokuta. Hiyo karatasi yake ndiyo mpimaji wa nje aliyetajwa hapo juu.

Kisha kipengele ambacho watu husahau: kazi zisizo za kumbukumbu zisizidi nusu siku kwa wiki. Bila hicho, ifikapo mwezi wa tatu utakuwa unatoa fotokopi, unapeleka barua benki na kukaa mapokezi dada wa mapokezi akiwa likizo, na mita 40 ziko vilevile.

Kuhusu pesa. Ulizia kwanza sekta ya mwajiri, kisha ulinganishe 250,000 na kima cha chini cha sekta hiyo kwenye Amri ya Mishahara inayotumika sasa. Kama iko chini, hilo si la kubembelezana, ni sheria. Waulize pia kama ni mshahara au "posho". Ikiwa ni mshahara, NSSF jumla ni asilimia 20 na mwajiri haruhusiwi kukukata zaidi ya asilimia 10, yaani 25,000. Mkononi zinabaki 225,000. Kodi ya mapato haitakatwa kwa sababu mshahara wa hadi 270,000 kwa mwezi hautozwi. Wakiita posho ili kukwepa NSSF, unapoteza michango ya mwaka mzima, na ukiumia kwa kuangukiwa na reki, kudai fidia kunakuwa kugumu. Shikilia mshahara, hata ikibidi kuachia kitu kingine kidogo.

Ada ya NTA 6 usiidai yote, omba mchango. Mwajiri akikataa kabisa, omba ruhusa yenye malipo kwa siku za mitihani na mkataba unaoweza kusogezwa mbele.

RekiYaChini

Waliotangulia wamesema vizuri. Mimi naongeza la chumba chenyewe: usisaini kabla hujaingia humo na tochi.

Mulika pembe za kuta kutoka sakafuni kwenda juu. Ukiona michirizi ya udongo unene wa kalamu, ni njia za mchwa. Udongo wa huku kwetu una mchwa wa kutosha na wanapenda karatasi iliyogusa ukuta. Tazama kama reki ni za mbao au chuma, kama rafu ya chini imekaa sakafuni, kama reki zimeegemezwa ukutani. Kanuni ni rafu ya chini iwe sm 15 juu ya sakafu, na kati ya reki na ukuta mkono upite, ili mchwa akijenga njia umwone kabla hajafika kwenye boksi. Mkiikuta njia, msiifagie tu. Ivunjeni kipande, rudini kesho. Ikiwa imejengwa tena kundi liko hai, na dawa inapaswa kwenda kwenye udongo wa nje na kwenye ufa wanakoingilia. Dawa ya kupuliza isiguse jalada hata moja. Na ukikuta unga mweupe wa zamani ndani ya mafaili usiupulize wala kuukung'uta: zamani watu walimwaga sumu za wadudu humo. Vaa glavu, weka jalada kwenye mfuko wa plastiki, litenge na uandike juu yake.

Tazama dari. Popo wakiwa juu, kinyesi chao kiko kwenye rafu za juu. Usikifagie kikavu, vumbi lake linaharibu mapafu. Kinachokuwa sakafuni na kwenye chuma kiloweshwe kidogo kwanza kisha kiondolewe. Kwenye karatasi kitolewe kwa kijiko au brashi, nje ya chumba, ukiwa na barakoa ya N95. Barakoa za kitambaa hazifai kazi hii. Hizo N95 ziwe kwenye orodha ya vifaa ambavyo mwajiri ananunua, pamoja na koti la kazi.

Watu hudhani Dodoma ni kavu kwa hiyo karatasi ziko salama. Mvua ya hapa ni kama mm 570 kwa mwaka na karibu yote inanyesha kati ya Desemba na Aprili. Miezi saba ya ukavu inafanya hakuna anayepanda kuangalia paa. Misumari ya bati inalegea kwa joto la mchana na baridi ya usiku, mifereji inajaa majani na mchanga, halafu mvua ya kwanza ya Desemba inaingia moja kwa moja kwenye rafu za juu. Kwa hiyo ukaguzi wa paa ni Oktoba, si siku maji yanapodondoka. Na karatasi ikishalowa una kama saa 48 kabla ya ukungu kuanza: tandaza, feni ipulize hewa ya chumba na si karatasi yenyewe, weka karatasi nyeupe za kufyonza kati ya kurasa na uzibadilishe. Usianike juani. Jua linakunja karatasi na kufifisha wino, hasa mihuri ya zambarau.

Joto linalopendekezwa ni nyuzi 16 hadi 20 na unyevu asilimia 45 hadi 55. Chumba cha bati bila kiyoyozi huwezi kukifikisha hapo, usijitese. Kupanda na kushuka kila siku nako kunaumiza karatasi, kwa hiyo dari, pazia zito upande wa magharibi na maboksi yenye vifuniko vinasaidia sana. Nunua kipimo kidogo cha joto na unyevu, andika saa 2 asubuhi na saa 9 alasiri kila siku. Unyevu ukivuka 65 siku kadhaa mfululizo, fungua maboksi machache kutafuta ukungu. Daftari hilo la vipimo, baada ya miezi 12, litamshawishi mkurugenzi kutengeneza dari kuliko maneno yoyote.

Vifaa vya kazi ni vya kawaida tu: brashi laini ya nywele, penseli ya HB, kamba bapa ya pamba, mafolda, maboksi, kisu butu chembamba na kipande cha plastiki ngumu. Kalamu ya wino haiingii chumbani. Pini zilizopata kutu usizing'oe kwa kile kifaa chenye meno, zinaondoka na karatasi. Laza jalada mezani, teleza plastiki chini ya miguu ya pini, inua mguu mmoja mmoja kwa kisu, geuza, vuta taratibu. Selotepu ya zamani iliyogeuka kahawia iache hapo ilipo, kuibandua ni kazi ya fundi wa karatasi. Vumbi linafutwa kutoka uti wa jalada kwenda nje, kamwe si kwa kitambaa kibichi.

Pesa ikiwa ndogo, nunua mafolda mazuri yasiyo na asidi kabla ya maboksi mazuri. Folda ndiyo inayogusa karatasi, boksi linagusa folda.

Wadudu wakiwa ndani ya majalada, dawa salama ni friza. Funga jalada ndani ya mfuko wa plastiki, toa hewa, bandika utepe, weka kwenye friza ya nyumbani kwenye nyuzi 18 hadi 20 chini ya sifuri kwa wiki mbili. Ukitoa, usifungue mfuko hadi kesho yake: umande ukae nje ya plastiki, usikae kwenye karatasi. Hapo ndipo watu wanapoharibu, wanafungua kwa shauku na karatasi inalowa.

Nzuguni23

Asanteni sana, nimejifunza mengi kwa siku moja. Nimeongea na afisa utawala. Siku ya masomo amekubali kwa ile hesabu ya wiki 38, na msimamizi wa nje amesema watalipa nauli na posho yake. Suala la mshahara analipeleka juu.

Tatizo jipya: mkurugenzi anauliza kwa nini tusiskani kila kitu, karatasi zikachomwe, chumba kiwe ofisi. Nimjibuje bila kuonekana napinga maendeleo?

Folio100

Mjibu kwa namba tena. Majalada 3,200 kwa wastani wa kurasa 80 ni kurasa 256,000. Ukijumlisha kutoa pini, kunyoosha, kuskani, kutaja jina la faili na kukagua, mtu mmoja akifanya kurasa 500 kwa siku amejitahidi. Hizo ni siku 512 za kazi, zaidi ya miaka miwili. Ukurasa wa A4 kwa rangi, nukta 300 kwa inchi, katika TIFF (aina ya faili la picha) isiyobanwa ni kama MB 26. Kurasa zote ni kama TB 6.7. Nakala salama ni tatu, kwenye aina mbili za vyombo, moja ikiwa jengo jingine: kama TB 20. Diski hizo zinachoka, zinabadilishwa kila baada ya miaka michache, na kila mara lazima nakala zilinganishwe na za awali kuhakikisha hakuna faili lililoharibika. Karatasi ndani ya folda nzuri inadai rafu na paa zima tu.

Kisha mpe njia ya kati. Kwanza uorodheshe, pili mpime thamani, tatu muskani kile kinachoulizwa mara nyingi au kinachokaribia kuharibika: hati za ardhi, mikataba, majalada ya watumishi, picha. Huo mpangilio haubadiliki. Wanaoskani kabla ya kuorodhesha huishia na maelfu ya mafaili yenye majina kama "skani0047", na kulitafuta jalada huko ni kugumu kuliko kulitafuta kwenye reki.

Kuhusu kuchoma: kwa taasisi ya umma, Sheria ya Kumbukumbu na Nyaraka Na. 3 ya 2002 hairuhusu kuteketeza bila idhini inayopitia Idara ya Nyaraka. Taasisi yenu ni binafsi, lakini nayo ina mipaka. Kumbukumbu za kodi zinakaa angalau miaka 5. Taarifa za ajira za mfanyakazi zinatunzwa miaka 5 baada ya kuondoka kwake. Kesi iliyo mahakamani inazuia kila kitu kinachoihusu. Na majalada yenye taarifa binafsi za watu yanaangukia Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, ambayo inagusa pande zote mbili, kutunza kupita kiasi na kutupa ovyo. Kwa hiyo mtengeneze jedwali la muda wa kutunza: safu ya aina ya jalada, safu ya miaka, safu ya sababu, safu ya hatua ya mwisho. Mhasibu, mwanasheria na mkurugenzi wasaini. Kinachotolewa kiorodheshwe jalada kwa jalada, kikatwe kwa mashine, na orodha iliyosainiwa ibaki milele. Kuandaa jedwali hilo chini ya msimamizi wa nje ni somo zito kuliko yote utakayopata mwaka huo, kwa hiyo usimwachie mtu.

JimboLaKati

Hakuna aliyegusa uorodheshaji wenyewe, na huo ndio unaomtofautisha mhifadhi nyaraka na mpanga mafaili.

Kabla hujagusa rafu, piga picha ya kila rafu kama ilivyo na uzipe namba. Mpangilio unaoukuta, hata ukionekana ovyo, unaonyesha jinsi ofisi ilivyofanya kazi. Ukishaupangua kwa alfabeti haurudi.

Jambo la pili ni asili. Mfano wa hapa mjini: CDA, mamlaka ya ustawishaji makao makuu, iliundwa 1973 wakati wa uamuzi wa kuhamishia makao makuu Dodoma, ikavunjwa Mei 2017, na shughuli zake zikaenda kwa Halmashauri ya Manispaa ya Dodoma, ambayo leo ni Jiji. Majalada ya viwanja yaliyofunguliwa na CDA yanabaki kuwa ya CDA hata kama leo yamelala chini ya paa la Jiji. Ukiyachanganya na ya Jiji kwa sababu tu "yote ni viwanja", miaka 20 baadaye hakuna atakayejua nani alitoa barua ya toleo na kwa mamlaka gani. Chumbani kwako uliza: taasisi hii imewahi kurithi mradi, shule au kampuni nyingine? Kila chanzo kiwe na kundi lake.

Kwa kila jalada andika vitu sita ambavyo ISAD(G), kanuni ya Baraza la Kimataifa la Nyaraka, inavihesabu vya lazima: namba ya rejea, jina, tarehe ya mwanzo na mwisho, ngazi ya maelezo, ukubwa, na aliyeliunda. Jina linakiliwa kama lilivyoandikwa kwenye jalada. Likiwa "Mambo ya Jumla", ambayo ni mengi kupita kiasi, soma folio ya kwanza, ya katikati na ya mwisho, kisha ongeza maelezo mafupi kwenye mabano ya mraba: [mgogoro wa kisima na ununuzi wa pampu]. Mabano yanamwambia msomaji kwamba hayo ni maneno yako.

Majina ya mahali yasirekebishwe. Jalada likisema Kondoa-Irangi au Central Province, andika hivyo, jina la leo liweke pembeni. Mtu wa kesho atatafuta kwa yote mawili.

Excel inatosha kuanza, lakini ifanye safu ya tarehe iwe maandishi kabla hujaandika chochote, la sivyo programu itageuza tarehe bila kukuuliza. Na 1/2/74 ni Februari au Januari? Andika 1974-02-01. Baadaye orodha hiyo inaweza kuingizwa kwenye AtoM, programu ya bure inayofuata ISAD(G), bila kuandika upya. Ofisi za serikali nyingi ziko kwenye e-Office, mfumo wa majalada ya kielektroniki, kwa majalada hai, na wanaojua pande zote mbili, jalada hai la kielektroniki na karatasi ya zamani, bado ni wachache.

Ukipata nafasi kwenye siku yako ya masomo, jifunze kusoma mwandiko wa zamani wa Kijerumani. Majalada ya utawala wa Wajerumani yaliyopo Nyaraka za Taifa yaliingizwa na UNESCO kwenye Kumbukumbu ya Dunia mwaka 1997, na wengi hata wakijua Kijerumani cha leo hawawezi kusoma mwandiko ule. Wiki chache za mazoezi ya herufi, ukurasa mmoja kwa siku, zinafungua mlango ambao hauna foleni.

Nzuguni23

Nashukuru kwa dhati. Mkurugenzi amekubali kuorodhesha kwanza. Mshahara umepanda hadi 320,000, na wamesema NSSF itakatwa asilimia 10. Kuna kitu nimesahau kabla ya kusaini?

Folio100

Hesabu ibadilishe: kodi inatozwa kwa kiasi kinachozidi 270,000 baada ya kutoa mchango wako wa NSSF. 320,000 ukitoa 32,000 ni 288,000. Kinachozidi ni 18,000, na asilimia 8 yake ni 1,440. Mkononi zinabaki 286,560. Wakikukata zaidi, omba maelezo kwa maandishi. Na hata 320,000 ilinganishe na kima cha sekta yao.

Kipengele kimoja ongeza. Orodha utakayoandaa ni mali ya taasisi, kwa hiyo omba sasa hivi ruhusa ya maandishi ya kuonyesha kurasa mbili au tatu kwenye usaili, zisizo na majina ya watu wala taarifa zao binafsi, pamoja na ripoti za msimamizi wa nje. Ukiomba siku ya kuondoka, atakayekuwa na mamlaka ya kusaini anaweza kuwa likizo.

RekiYaChini

Na daftari la vipimo lianze siku ya kwanza, hata kabla ya reki kuhamishwa kutoka ukutani. Vipimo vya kabla ndivyo vinavyoonyesha kama dari ilisaidia.